Kioo cha Murano: Mkono wa Fundi na Jina la Mchoraji

Richard Burton alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, alikuta soko ambalo fedha yake ilikuwa ushanga. Mtu aliyetaka samaki, chumvi au mafuta ya mawese alilipa kwa sofi, ushanga mfupi ulioonekana kama vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1860, Burton aliandika kwamba aina za ushanga zilizokuwa zikipelekwa bara zilikaribia 400, na kwamba sehemu kubwa ilitengenezwa Venice. Ulioshinda wote kwa kupendwa ulikuwa ule mwekundu ulioitwa samisami, ambao ni kioo chekundu kilichovishwa juu ya kioo cheupe. Anaeleza kwamba watu waliupa pia majina mengine mawili: moja lenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mwanamume angekubali kulala njaa ili aupate, na jingine lenye maana ya kivunja mji, kwa kuwa wake waliwafilisi waume zao kwa ajili yake.

Makala haya hayahusu ushanga. Yanahusu vyombo vya kioo vya kupambia nyumba vilivyotengenezwa Murano, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Venice, baina ya mwaka 1920 na 1970 hivi, ambavyo sasa hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani, na mara nyingine huuzwa kwa bei ya nyumba. Lakini nimeanza na samisami kwa makusudi. Vyombo hivyo na ushanga ule vilitoka katika maarifa yale yale ya kuvuta kioo, kukivisha na kukikata. Na vyote viwili vilifanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tofauti ni kwamba katika karne ya 20 palitokea jina jipya, la mchoraji, nalo ndilo linalolipiwa. Anayekusanya vyombo hivi hufundishwa na madalali kusoma jina lililo chini ya kitako. Mimi nashikilia kwamba hana budi kusoma kwanza kazi ya mkono, kwani asiyeweza kufanya hivyo atatapeliwa, na hata asipotapeliwa atakuwa amenunua nusu tu ya alichokilipia.

Wala kukusanya vyombo vya kigeni kwa ajili ya pambo la nyumba si jambo la ajabu kwetu. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na ukuta mzima wa zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa, na sahani na bakuli za Kichina zilipangwa humo ili mgeni azione. Wenyeji wa nyumba hizo hawakuwa wakilia chakula katika kila bakuli waliyokuwa nayo. Mtu wa pwani ya zamani angemwelewa upesi sana mkusanyaji wa leo.

Kioo ni mchanga, chokaa na magadi. Neno hili la mwisho walimu wenzangu wa jikoni wanalijua, kwani ndilo tulitumialo kulainishia maharagwe na mboga ngumu. Na magadi ya ziwa la jina hilo huko Kenya yalianza kuchimbwa kwa biashara kubwa mwanzoni mwa karne ya 20, soko lake kuu likiwa viwanda vya kioo. Mchanga peke yake huhitaji joto kali mno ili uyeyuke. Magadi hushusha joto hilo, na chokaa huzuia kioo kisiyeyuke tena majini. Watu wa Venice hawakuwa na ziwa la magadi. Walinunua jivu la mimea ya pwani na jangwani kutoka Shamu na Misri, na serikali yao ililinda biashara hiyo kama ilivyolinda biashara ya pilipili. Kioo chenye magadi mengi kina tabia moja ambayo ndiyo iliyoifanya Murano iwe Murano: hakiharakishi kuwa kigumu. Hubaki laini kama asali nzito kwa muda wa kutosha ili fundi akivute, akikunje, akibane kwa koleo, akirudishe motoni na kukitoa tena. Kioo cha risasi cha Uingereza na kile cha Bohemia kilijulikana zaidi kwa kuchongwa kikiwa baridi. Cha Murano hufanywa kingali moto, na kila umbo lake ni kumbukumbu ya dakika chache za haraka.

Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe Murano. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya moto katika mji uliojengwa kwa mbao nyingi; lakini kisiwa kilikuwa pia mahali pazuri pa kuwachunga mafundi. Waliheshimiwa, na bado walikuwa wafungwa. Sheria zilikataza fundi kuihama Jamhuri na kuuza siri ya kazi yake, na aliyetoroka alihesabiwa kuwa msaliti. Hata hivyo walitoroka. Katika miaka ya 1660 Colbert, waziri wa mfalme wa Ufaransa, aliwashawishi mafundi wa vioo vya kujitazamia waende Paris, na matokeo yake yanaonekana hata leo katika ukumbi wa vioo wa Versailles. Katika karne ya 15 Angelo Barovier alipata njia ya kutengeneza kioo cheupe kisicho na rangi kabisa, na masimulizi ya kisiwa humtaja binti yake Marietta kuwa ndiye aliyebuni ushanga wa tabaka nyingi wenye umbo la nyota ndani yake.

Jamhuri ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, na kazi ya kioo ikaanguka nayo. Kilichobaki kikiendelea vizuri katika miaka ya dhiki kilikuwa ushanga, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa Afrika, India na Amerika. Ushanga mdogo ulifanywa hivi. Fundi alichota donge la kioo, akalifanyia tundu katikati, kisha mwenzake akalishika upande wa pili kwa chuma, na wawili hao wakaachana mbio, mmoja huku na mmoja kule, mpaka donge likawa mrija mwembamba wa makumi ya mita, wenye tundu lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrija ulikatwa vipande vidogo, vikazungushwa motoni ndani ya unga wa kuzuia tundu lisizibe, na ncha zake kali zikalainika. Baada ya hapo kazi ilihamia kwa wanawake. Katika vichochoro vya Venice, hasa mtaa wa Castello, walikaa nje ya milango yao wakiwa na sinia la mbao mapajani na kipepeo cha sindano ndefu mkononi, wakitunga ushanga katika nyuzi kwa ujira mdogo sana. Mwaka 1904 waligoma. Nyuzi zao ndizo zilizohesabiwa tena Unguja, Tabora na Ujiji. Viwanda vya ushanga viliungana kuwa kampuni moja mwaka 1898, nayo ilifungwa mwaka 1992.

Kumbuka mafundi wale wawili wanaoachana mbio, kwa maana tutawakuta tena.

Ufufuo wa vyombo vikubwa ulianza katikati ya karne ya 19. Mwanasheria wa Vicenza, Antonio Salviati, alifungua kampuni yake mwaka 1859. Miaka miwili baadaye padre Vincenzo Zanetti alianzisha makumbusho ya kioo pale Murano ili mafundi wapate kuona kazi za babu zao. Ikawa nia njema yenye hasara yake. Kwa miaka sitini mafundi hodari walinakili: mazimwi, maua, mapezi ya samaki, bilauri zenye shingo ya nyoka. Ustadi ulirudi, lakini fikira ilikuwa ya karne ya 16, na sidhani kwamba mtu wa leo anayepanga sebule yake atajutia kuvipita vyombo hivyo.

Mwaka 1921 mwanasheria mwingine, Paolo Venini wa Milano, aliungana na Giacomo Cappellin, muuzaji wa vitu vya kale wa Venice, wakafungua tanuri na kumweka Vittorio Zecchin, mchoraji mzaliwa wa Murano, kuwa msimamizi wa sanaa. Zecchin alifanya jambo dogo lililogeuza kila kitu. Alikwenda kutazama picha za wachoraji wakuu wa Venice, akaona katika mchoro mmoja wa Paolo Veronese chombo cha kioo cha umbo jepesi kabisa, tumbo la mviringo juu ya kitako kidogo, bila pambo lolote. Akawaamuru mafundi wakifanye. Chombo hicho, kilichopewa jina la Veronese, hakina mahali pa kuficha kosa. Kuta zake ni nyembamba mno, rangi yake ni moja iliyofifia kama chai iliyotiwa maji, na uzuri wake wote umo katika mstari wa nje. Fundi aliyezoea kubandika mazimwi alijikuta anadaiwa kazi ngumu zaidi kuliko ile aliyoizoea.

Ushirika ulivunjika mwaka 1925. Venini alimwita Napoleone Martinuzzi, mchongaji wa sanamu, ambaye kufikia mwaka 1928 alikuwa akitoa kioo kizito kilichojaa viputo hata kisipitishe nuru vizuri, jambo ambalo mafundi wa zamani wangeliita uharibifu. Halafu akaja Carlo Scarpa.

Huyu anastahili kukaliwa naye kidogo. Alizaliwa Venice mwaka 1906, akasomea usanifu wa majengo, akaanza kazi ya kioo kwa Cappellin mwaka 1926, na kampuni hiyo ilipofilisika akahamia kwa Venini, alikobaki toka 1932 hadi 1947. Dunia inamjua zaidi kwa majengo na makumbusho aliyoyasanifu baadaye. Lakini miaka ile ishirini aliimaliza kando ya tanuri, akiuliza swali moja kwa namna nyingi: kioo kinaweza kuwa na ngozi ya aina gani? Alitaka kisichong'aa, naye akapata kukichoma kwa tindikali mpaka kikawa kama jiwe lililoliwa na bahari. Alitaka kilichopigwapigwa, na mwaka 1940 kukatoka vyombo ambavyo uso wake wote umechongwa kwa gurudumu vijishimo vilivyokaribiana, mfano wa shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Alitaka kinachofanana na nguo, na mwaka ule ule vikatoka vyombo vya mistari myembamba ya rangi mbili iliyosimama bega kwa bega kama nyuzi za mtande. Mwaka 1942 alitoa vingine vilivyoonekana kama vimepakwa rangi kwa brashi pana, ilhali hakuna brashi iliyogusa. Rangi hiyo ni kioo kilichoongezwa juu ya kioo chombo kingali kinazungushwa.

Mistari ya nguo ile ilipatikanaje? Hapa ndipo mafundi wetu wawili wanaporudi. Donge la kioo cha rangi hushikwa na watu wawili, nao huachana mpaka likawa fimbo nyembamba ndefu. Tofauti na ushanga ni kwamba fimbo hii haina tundu. Fimbo hukatwa kwa urefu mmoja, hupangwa juu ya bamba kama mkeka, na hupashwa moto mpaka zishikane. Kisha fundi huviringisha mkeka huo kuizunguka ncha ya bomba lake, hufunga mwisho wake, na hupuliza. Fimbo zikiwa na nyuzi nyeupe zilizosokotwa ndani yake, chombo huonekana kana kwamba kimefumwa kwa uzi; kazi hiyo Waitalia huiita filigrana. Fimbo zikikatwa vipande vifupi kama magurudumu madogo na kupangwa kwa sura zao za kukatwa, huitwa murina. Kioo cha rangi kikichovywa katika kioo kisicho na rangi, mara moja au mara kadhaa, hata rangi ikabaki imezama katikati kama kokwa ndani ya tunda, huitwa somerso. Na kioo cha rangi kikivishwa juu ya cheupe, ni samisami ile ile, isipokuwa sasa ina urefu wa mkono.

Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 Italia ilikuwa na njaa na ilikuwa na fikira. Maonyesho makubwa ya kazi za mikono za Italia yalifunguliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1950, yakazunguka katika makumbusho ya miji mingi ya nchi hiyo hadi 1953, na maduka makubwa ya Marekani yakaanza kuagiza. Watu walikuwa wakijenga nyumba mpya zenye madirisha mapana na kuta nyeupe, nao walitaka kitu kimoja chenye rangi cha kuweka pale. Murano iliwapa.

Fulvio Bianconi, mchoraji wa vitabu na matangazo aliyezaliwa Padua mwaka 1915, alikuja kisiwani kwa sababu ya chupa za manukato, akakutana na Venini, akabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wawili hao walitoa chombo kilichoitwa Fazzoletto, yaani leso. Ni kweli ni leso: kama mtu ameishika katikati kitambaa na kukipindua, ncha zake zikasimama juu kwa mikunjo. Msomaji wa Mombasa atatabasamu, kwa kuwa huko jina hilo tulilolipokea kwa Wareno limepanuka hata likawa vazi zima la wanawake. Namna ya kukifanya ni hii: fundi hupuliza kiputo, hukifungua mdomo mpaka kikawa kama sahani, hukirudisha motoni kilainike kabisa, kisha huelekeza chini na kuliacha tandiko hilo lianguke lenyewe kwa uzito wake. Mikunjo hujifanya. Mchoraji anaweza kuchora leso siku nzima, lakini hawezi kuchora mkunjo wa leso fulani. Huo huamuliwa na joto, uzito na kiganja cha fundi kinachojua wakati wa kuinua. Ndiyo sababu hakuna Fazzoletto mbili zilizo sawa.

Bianconi huyo huyo mwaka 1950 na 1951 alitoa vyombo vya viraka, vipande vya mraba vya rangi nne au zaidi vilivyounganishwa motoni na kupulizwa pamoja. Kwangu mimi hivyo ndivyo vyombo vya furaha kuliko vyote vya zama zile. Wengine waliokuwa na matanuri yao hawakukaa kimya. Ercole Barovier, wa ukoo ule wa Angelo, alikuwa mtafutaji asiyechoka wa rangi na mchanganyiko wa dawa. Flavio Poli alichora kwa kampuni ya Seguso Vetri d'Arte vyombo vizito vya somerso vyenye umbo la kombe la bahari, naye alipata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1954, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo. Dino Martens, kwa tanuri la Aureliano Toso, alitoa vyombo vilivyoitwa Oriente, ambavyo vina mabaka ya kila rangi, nyuzi zilizosokotwa na unga wa shaba unaometameta. Wako wanaovipenda kupita kiasi, nami husimama mbali navyo kidogo ili nivione vizuri.

Sasa, nani alivifanya? Katika Murano kazi hufanywa na kundi linaloongozwa na fundi mkuu anayeketi katika kiti chenye mikono mirefu ya kuzungushia bomba. Chini yake yuko msaidizi wa kwanza, wa pili, na mvulana ambaye kazi yake ni kufungua mlango wa tanuri na kubeba. Hakuna chombo kilichopulizwa na mtu mmoja. Mchoraji alisimama kando na karatasi yake, naye aliyekuwa na busara alisikiliza. Pale kwa Venini fundi mkuu mmoja, Arturo Biasutto, aliyejulikana kwa lakabu ya Boboli, alitekeleza baadhi ya kazi za Scarpa na za Bianconi. Fungua orodha ya mnada wowote: utasoma jina la Scarpa kwa herufi kubwa, la Venini chini yake, mwaka, kimo kwa sentimita. La Boboli mara nyingi halimo.

Utetezi upo, na sitaki kuudharau. Mafundi wale wale, walipoachwa peke yao, walinakili mazimwi kwa miaka sitini. Ni mgeni aliyewauliza swali jipya. Lakini jibu lilitoka mkononi mwao. Tena walikuwapo waliounganisha yote mawili. Archimede Seguso, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufungua tanuri lake mwaka 1946, alichora na kupuliza mwenyewe, na vyombo vyake vya miaka ya 1950 vilivyo na nyuzi kama wavu uliozama majini hakuna mchoraji ambaye angeweza kumwagiza mtu avifanye. Usiku wa tarehe 29 Januari 1996, jumba la opera la La Fenice lilipoungua, mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 86, alisimama dirishani kwake akiutazama moto ule. Kulipokucha alikwenda tanurini akaanza mfululizo wa vyombo vyenye ndimi za moto ndani yake. Alfredo Barbini, naye fundi mkuu mwenye tanuri lake, ni wa kundi hilo hilo.

Yanayofuata ni ya mtu anayetaka kununua, na nitasema yale tu ambayo jicho na mkono vinaweza kuyathibitisha.

Geuza chombo. Vyombo vingi vya Venini vya katikati ya karne vina muhuri uliochomwa kwa tindikali wa mistari mitatu: jina la kampuni, Murano, Italia, baadaye jina liliandikwa kwa ncha ya almasi. Lakini matanuri mengi hayakupiga muhuri. Yalibandika lebo ya karatasi, na lebo ilitoka siku chombo kilipooshwa mara ya kwanza. Kwa hiyo chombo kisicho na jina si lazima kiwe cha bandia. Na kibaya zaidi, chenye jina si lazima kiwe cha kweli, kwa sababu tindikali bado inauzwa na muhuri ni rahisi kughushi. Leso za Bianconi zilinakiliwa na majirani tangu siku zile, na kampuni yenyewe iliendelea kuzitengeneza kwa miongo mingi, kwa hiyo umri ni jambo la kuchunguzwa.

Tazama kitako chenyewe. Chombo kilichosimama juu ya kabati kwa miaka sitini kina mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, mahali hasa kinapogusa meza na si pengine. Mikwaruzo inayokwenda upande mmoja ni ya msasa. Tafuta alama ya fimbo ya chuma iliyoshika chombo wakati mdomo ukimalizwa: katika kazi nzuri imesagwa na kung'arishwa. Pitisha kidole ukingoni. Mdomo uliomalizwa motoni ni laini na una unene unaobadilika kidogo. Uliokatwa na kusagwa ni tambarare, nao katika baadhi ya vyombo ni sahihi na katika vingine ni dalili kwamba ukingo ulivunjika ukapunguzwa. Linganisha kimo na vile vinavyojulikana. Kishike dhidi ya dirisha. Katika somerso nzuri mpaka baina ya rangi na rangi ni safi kama mpaka wa mafuta na maji. Katika kuiga, rangi huvuja. Katika filigrana fuata uzi mmoja kutoka kitakoni hadi mdomoni uone kama unafika bila kukatika wala kumezwa na jirani yake. Hapo ndipo utakapomjua fundi, hata kama hukuambiwa jina lake.

Nyumbani, kiweke penye nuru ya pembeni. Usikitie maji ya moto, kwani kioo kinene hupanuka ndani kabla ya nje na hupasuka. Maua yakiwekwa, maji yabadilishwe kila siku. Maji yenye chokaa yakilala humo kwa wiki huacha ukungu usiotoka. Vyombo vya Scarpa na vingine vyembamba mimi nisingevitia maua hata kidogo.

Mtu mwenye kipato cha mwalimu asidhani mlango umefungwa. Murano ya miaka ya 1950 na 1960 ilitoa pia maelfu ya visahani vya majivu, samaki, ndege na bakuli za somerso kwa watalii, ambazo hupatikana kwa bei nafuu, na baadhi yake zilipulizwa na mikono iliyofanya kazi za wachoraji wakubwa asubuhi ya siku ile ile. Ajuaye kusoma kazi atachagua vizuri humo. Na bahati ipo. Mwaka 2023 huko Virginia, Marekani, mtu alinunua chombo katika duka la vitu vilivyotumika kwa dola 3.99. Kilikuwa kimoja cha vile vya Scarpa vya mwaka 1942. Mwezi wa Desemba kiliuzwa mnadani kwa dola 107,100. Mnunuzi wa kwanza, kabla ya jina lolote kuthibitishwa, alikuwa ametambua kwamba rangi ile haikupakwa.

Siri za kisiwa zilikwisha kutoka zamani. Dale Chihuly, Mmarekani, alikaribishwa kwa Venini mwaka 1968 akatazama kazi ya makundi; mwaka 1971 alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck karibu na Seattle, na mwaka 1979 fundi mkuu Lino Tagliapietra alikwenda kufundisha huko. Wako waliomlaumu Murano kwa maneno ambayo Jamhuri ya zamani ingeyatambua. Yeye alifundisha. Leo filigrana hufanywa vizuri Marekani na Australia, na wanafunzi humtaja aliyewafundisha kwa jina.

Kisiwani kwenyewe maduka yalijaa vioo vya kuagizwa kutoka ng'ambo, hata mkoa wa Veneto ukaweka kwa sheria ya mwaka 1994 alama ya biashara ya kioo kilichofanywa Murano. Mwaka 2020 UNESCO iliandika ufundi wa ushanga wa kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi usioshikika. Mwaka uliofuata bei ya gesi ilipanda mara kadhaa, ikapanda tena mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine, na baadhi ya matanuri, ambayo kwa desturi huwaka usiku na mchana, yalizimwa. Tanuri likizimwa, vyungu vya udongo vilivyomo ndani yake aghalabu hupasuka vinapopoa, na fundi anayetaka kuanza tena hununua vyungu vipya na kungoja siku kadhaa mpaka joto lirudi.